Tundu Kibogoyo

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Shangazi ameondoka alfajiri kwenda kumwona mjukuu wake mpya. Funguo za gari la mikate ziko mfukoni mwangu! Akirudi Jumatatu ijayo ataamua nani awe dereva wa kudumu wa duka lake la mikate: mimi, au binamu yangu tunayemwita Taratibu, ambaye kazi yake kubwa ni kulala juu ya magunia ya unga. Sina wasiwasi. Mimi nina leseni, shahada na nia. Taratibu ana leseni.

Kabla ya kupanda basi Shangazi alinishika kidevu. Akasema mwanangu, mafuta utie, maji utie, mengine usiguse. Pampu ya maji inadondosha kidogo, akasema, nayo imedondosha tangu zamani. Iache idondoshe.

Nimeyatafakari maneno hayo siku nzima. Mtu anawezaje kuishi na tone miaka yote hiyo? Huko ni kukata tamaa, wala si busara. Akirudi ataikuta pampu kavu. Hapo funguo ni zangu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimeikaza bolti ya pampu. Ilikuwa imekaza tayari. Nikaongeza kidogo. Ikakubali. Nikaongeza kidogo tena, kwa usalama. Ikakubali kwa ulaini wa ajabu, kama mtu aliyechoka kubishana.

Nikajua.

Bolti ni ya chuma, injini ni ya alumini, na penye chuma na alumini anayeumia ni mnyonge. Bolti imetoka na meno yake yote, na juu yake vimejiviringisha vinyuzi vyeupe vinavyong'aa: meno ya tundu. Tundu sasa ni kibogoyo. Tone limekuwa mchirizi.

Taratibu alifumbua jicho moja akauliza kulikoni. Nikamwambia hakuna neno. Akasema basi vyema, akalifumba. Ananipeleleza!

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mpango wa kwanza: gundi ya chuma. Pakiti inaapa kwamba inashika chochote. Jana jioni nililijaza tundu gundi, nikachomeka bolti, nikaiacha ilale. Leo asubuhi ilikuwa imara kama mlima. Nilijisifu. Kimoyomoyo, lakini kwa kirefu.

Kwenye mwinuko wa kwenda hospitali injini ilipata joto. Gundi ikapata joto pia. Bolti ikachungulia nje, na maji yakaifuata. Nimesimama njiani nikiwa nimezungukwa na mvuke kama birika.

Mikate ilifika baadaye sana. Mkuu wa jiko la hospitali aliniuliza kama nimeibeba kichwani. Nikamwambia barabara ilikuwa na matengenezo. Si uongo kamili. Kulikuwa na matengenezo, na barabarani ndipo yalipofanyika.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimepeleka mikate nikiwa na dumu la maji kwenye kiti cha abiria, na kila kituo nalinywesha gari kama ng'ombe. Kisha duka la spea. Mwenye duka aliitazama bolti, akanitazama mimi, akauliza nani kaua tundu. Nikasema ndugu mmoja. Akasema mpe pole huyo ndugu. Nimezipokea kwa niaba yake.

Nimetoka na kiboksi cha ajabu. Ndani mna springi ndogo za waya, ambazo yeye anaziita meno ya bandia. Unalipanua tundu kwa drili, unalikatia meno mapya makubwa, kisha unaizungusha springi ndani, na bolti yako ya zamani inauma humo. Nimeazima na spana ya kipimo: ukifika mkazo unaotakiwa, inalia ta! Ikilia, unaacha. Mwenye duka amelirudia hilo. Nikamwambia nimesoma.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Duka limefungwa, na kesho Shangazi anarudi. Ni leo au basi!

Kwanza nilitaka kumwondoa mpelelezi. Nilimwambia Taratibu kwamba anaonekana amechoka, aende nyumbani akapumzike. Akasema ahsante dada, hapa hapa panatosha. Akajigeuza juu ya gunia.

Nikatoa rejeta. Nikatoa pampu. Na hapo, lahaula! Bolti ya pili ilitoka na ganda la gundi ya zamani, iliyokauka ikawa njano. Tundu la pili pia kibogoyo! Kuna mtu amepita hapa kabla yangu. Nilimwendea Taratibu moja kwa moja nikamwambia umepatikana. Akajibu bila kufumbua macho: dada, mimi nimewahi kugusa nini?

Nilifikiri sana. Nikakosa mfano hata mmoja.

Nikatoboa matundu yote mawili. Nikapaka grisi, nikakata meno polepole, mbele kidogo, nyuma kidogo, nikifuta unga wa alumini kila mara. Nikazungusha springi ya kwanza ndani. Kila springi ina ulimi mdogo chini wa kuishikia, na kazi ikiisha ulimi huo huvunjwa ukatolewa. Niliuvunja. Ukazama kwenye kina cha tundu. Nikaleta sumaku. Ulimi haukutikisika: waya huo hausikii sumaku! Nilikaa sakafuni nikayafikiria maisha yangu. Kisha nikapaka grisi kwenye ncha ya kijiti cha ufagio, nikachovya, nikautoa. Sijawahi kukipenda kijiti namna ile.

Nikatia springi ya pili, nikarudisha kila kitu. Spana ikalia ta! Mkono ulitaka kuongeza kidogo, lakini Taratibu alikohoa usingizini, nikashtuka, spana ikachomoka. Basi.

Nimeliwasha gari mpaka likapata joto. Kavu! Hata jasho hakuna.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Shangazi alishuka na begi lake, na kabla hajalitua aliinama akatazama chini ya gari. Sakafu kavu. Nikangoja sifa.

Akauliza umegusa nini.

Nikamweleza yote: bolti, kibogoyo, meno ya bandia. Nikaongeza kwamba tundu la pili liliharibiwa zamani na mjinga fulani, akaficha aibu yake kwa gundi. Mwokaji wetu wa miaka mingi, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akaangalia dari. Taratibu akafumbua macho yote mawili.

Shangazi akasema mjinga huyo ni yeye. Aliongeza kidogo tu, kwa usalama. Kisha akacheka mpaka akajishika kiuno. Alipitisha kidole kwenye pampu, akasema kazi hii ni safi, haijapata kuonekana hapa. Akachukua funguo mkononi mwangu.

Akampa Taratibu.

Akasema gari linataka mtu asiyeligusa. Na sisi wawili, mwanangu, mkono wetu ni mmoja. Kwa nini unadhani nilikuonya wewe, nikamwacha huyu?

Taratibu akasema ahsante shangazi. Amelala na funguo kifuani.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Nimetafakari usiku kucha na nimeridhika. Shangazi ana hoja. Kuna hekima katika kuviacha vitu vilivyo. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kuacha.

Nilikuwa natoka kurudisha spana ya kipimo nilipoona mlango wa tanuri unacheza kwenye bawaba. Mwokaji akasema achana nao, umecheza miaka yote, yeye huusukuma kwa goti. Kwa goti! Nikawaza: Shangazi akiukuta umetulia, huenda akalifikiria upya lile suala la funguo.

Nikaiweka spana kwenye bolti ya bawaba. Ikalia ta! Niliisikia vizuri kabisa.

Nikaongeza kidogo, kwa usalama. Ikakubali kwa ulaini.

Bahati nzuri gundi imebaki nusu.