Nimekwenda Kuwakagua Wazee

Tabu na Yunisi, leo sina uso. Mama mwenye nyumba ananiuliza kupitia mlangoni kama nina malaria. Nimemwambia ndiyo. Malaria ina heshima kuliko hiki nilicho nacho.

Nawaandikia ninyi kwa sababu tulisoma ustawi wa jamii pamoja, na kwa sababu mko mbali. (Mngekuwa hapa mtaani Utemini nisingethubutu.)

Ilianza asubuhi. Mkubwa wangu wa kazi aliniita akanipa fomu ya kurasa nne.

"Ndugu Damari, leo nenda kakague yale makazi ya wazee nje ya mji. Hayajakaguliwa siku nyingi."

"Nikague nini hasa?"

"Huduma. Mwisho wa fomu pana nafasi tatu: bora, wastani, duni. Weka alama moja, urudi."

Ukaguzi wangu wa kwanza. Miaka miwili nimekuwa mtu wa meza na mihuri, leo natumwa nje. Nikavaa gauni la kijani na viatu vya kisigino. Kwenye baiskeli. Kwenye mchanga. Na upepo wa Singida ninyi mnausikia kwa watu tu. Nilipofika, gauni lilikuwa rangi ya udongo na kilemba kilikuwa shingoni. Nikajipangusa nyuma ya jiwe kubwa, nikaingia kama Serikali.

Alinipokea mama mmoja mwembamba, wa miaka sitini na kitu, kanga safi, funguo nyingi zinaning'inia kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka ofisini?"

"Ndiyo. Nimekuja kukagua."

Akaweka mkono kifuani. "Kumbe mmekuja," akasema polepole. "Mimi naitwa Mama Roda. Twende uone."

Sikumuuliza cheo. Mtu ana funguo zote kiunoni, umuulize cheo? Nikaandika kwenye fomu: Msimamizi, Mama Roda.

Akanitembeza. Wenzangu, nilichokiona kilinifurahisha. Vyumba vimefagiliwa mpaka chini ya vitanda. Babu mmoja kipofu ameogeshwa, kucha zimekatwa. Bibi asiyeweza kujigeuza alikuwa anageuzwa na bibi mwenzake, taratibu, na mgongoni hakuwa na kidonda hata kimoja. (Mnakumbuka tulivyofundishwa: kwanza angalia mgongo. Niliangalia mgongo.) Jikoni palikuwa na mzee aliyepoteza vidole kwa ukoma wa zamani. Alikuwa anakoroga uji wa mtama, mwiko umefungwa kiganjani kwa kitambaa, na uji wenyewe haukuwa na donge.

Nikaandika: Watumishi ni watu wazima, wazoefu, wenye moyo.

Nilishangaa kidogo kwamba mtumishi mdogo kuliko wote ana mvi kichwa kizima. Nikajijibu kwamba jua la huku linazeesha. (Ndiyo. Mimi, mwenye cheti.)

"Mbona mablanketi machache?" nikauliza.

"Ndiyo hayo. Tunalala wawili wawili," akasema Mama Roda.

Yeye alisema "tunalala". Mimi niliandika "wanalala".

Chumba cha mwisho alikuwemo mzee amejilaza, amevaa koti la zamani lenye mifuko minne, upande mmoja wa uso umelegea. Mama Roda akaninong'oneza, "Huyu ndiye anayetutesa. Tangu jana hataki kula. Labda wewe mgeni atakusikia."

Hapo nikaona nafasi ya kuonyesha utaalamu. Nikakaa kitandani kwake, nikainama sikioni, nikapaza sauti kama tulivyofundishwa.

"Babu, shikamoo! Umekunywa uji?"

"Marahaba," akasema. "Masikio yangu mazima, mwanangu."

Sikujali. Nikachukua bakuli, nikamlisha kijiko kwa kijiko. Alikula, nadhani kwa adabu tu. Nikamfuta kidevu. Nikampapasa kichwani. (Nilimpapasa kichwani, Yunisi. Mtu mzima.) Kisha nikamwambia, "Umsikilize msimamizi wako, utapona."

Akamtazama Mama Roda. Mama Roda akatazama sakafu.

"Namsikiliza kila siku," akasema mzee.

Nilipomaliza nikaomba wote wakusanyike uani, niwaage. Wakatoka wanaoweza, wasioweza wakabebwa, na yule mzee wa koti akaletwa kwenye kiti cha kamba. Nikasimama mbele yao. Hakuna aliyeniomba hotuba. Nikahutubia.

Nikasema nchi yetu haimtupi mzee. Nikasema Msimamizi Mama Roda ni mfano, na nitapendekeza apewe cheti cha mfanyakazi bora. Wakapiga makofi, nami nikapata moto. Nikasema adui wa Ujamaa si nyoka wala simba, ni yule mtumishi anayekalia karatasi za wananchi ofisini. Yule kipofu alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi apigwe mgongoni.

Mama Roda akasimama. "Ndugu, kabla hujakiandika hicho cheti. Mimi si msimamizi. Mimi ni mzee wa hapa. Nililetwa na balozi wetu wa nyumba kumi, mume wangu alipofariki."

"Na mpishi?"

"Mzee wa hapa."

"Na yule aliyekuwa anamgeuza bibi?"

"Wa hapa. Sote ni wa hapa."

"Basi msimamizi yuko wapi?"

Waligeuza vichwa tu, wote kwa pamoja, kwenye kile kiti cha kamba.

"Ni yule uliyemlisha uji," akasema Mama Roda.

Nilitamani baiskeli ipate mabawa.

Wakanieleza. Anaitwa Mzee Gunda. Amesimamia makazi yale tangu ana nywele nyeusi. Watumishi wake wawili walihamishiwa vijiji vipya na familia zao, hawakurudi. Mwaka wake wa kustaafu ukafika, ukapita, hakuna aliyekuja kupokea kazi. Masika yaliyopita akaanguka akiwa anachota maji ya kuwaogesha, mkono mmoja ukafa. Funguo akampa Mama Roda kwa sababu mkono uliobaki hauwezi kufuli. Tangu hapo wazee wanamtunza wao. Angekwenda wapi? Nyumbani kwao, hao aliokuwa anawategemea wameshatangulia.

Mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikatafuta pa kutokea.

"Lakini Mzee, mbona hukuandika ofisini?"

"Niliandika," akasema Mzee Gunda. "Mara nne. Na nilijibiwa."

Akaingiza mkono ule mzima kwenye mfuko wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka imeanza kukatika. Akanipa. *Barua yako imepokelewa na suala lako linashughulikiwa.* Mstari mmoja, na sahihi chini.

"Jina la chini hapo limenishinda," akasema. "Macho hayafai tena. Nisomee, nimjue. Wengine wote hawakujibu. Huyu alijibu."

Mnaijua sahihi yangu. Mlinicheka chuoni nilipokuwa naifanyia mazoezi, ile D kubwa yenye mkia unaozunguka jina zima. Zile barua nilikuwa nazipiga taipu kwa fungu, natia sahihi ishirini kabla ya chai. Ya kwake siikumbuki. Hilo ndilo linaloniuma: nimejitahidi njia nzima kuikumbuka, siikumbuki.

Nikasema, "Haisomeki, Mzee."

(Msiseme kitu. Najua.)

Akaitikia kwa kichwa. Nikadhani nimepona. Mama Roda akaleta daftari la wageni, akafunua ukurasa. "Tia mkono wako hapa uende salama, kabla jua halijapanda zaidi."

Mkono ukiwa umezoea, umezoea. Nikachora D, nikazungusha mkia. Ndipo nikaona nilichofanya.

Mama Roda akainama juu ya daftari. Akaiomba ile karatasi ya Mzee Gunda, akailaza pembeni yake, akafuatisha kwa kidole, huku na huku.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Darasa la watu wazima ndiyo kwanza naanza. Lakini kifaranga huyu na huyu ni wa kuku mmoja."

Hata kipofu hakucheka. Nikangoja kutukanwa. Ningetukanwa ningeshukuru. Mzee Gunda akanitazama kwa jicho la upande ule wa uso usiolegea.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Ahsante, mwanangu, kwa kujibu."

Nililia, Tabu. Mbele ya watu niliokwenda kuwakagua. Mpishi akaniletea maji kwenye kata, akaishikilia kwa viganja vyake viwili mpaka nikamaliza. Nikamuuliza Mama Roda kwenye fomu niweke alama wapi. Akasema, "Andika ulichoona." Nilichoona ni huduma bora kuliko tulizofundishwa, watumishi hakuna, dawa hakuna, na mahindi ya kufika mwisho wa mwezi hakuna. Fomu haina nafasi hiyo.

Nikarudi nikiisukuma baiskeli, viatu mkononi. Ofisini nilimkuta mkubwa wangu anafunga madirisha. Nikamweleza yote, hata la uji. Alisikiliza vizuri.

"Nafasi za ajira hakuna mwaka huu," akasema. "Weka wastani. Na huyo mzee mwandikie kwamba suala lake linashughulikiwa."

Nikakaa mezani. Nikatia karatasi kwenye taipureta. Nikaitoa tupu. Fomu nimeiacha bila alama, kesho ataniuliza, na sijui nitamjibu nini. Jumamosi nitarudi kule na mablanketi yangu mawili, ingawa najua mablanketi mawili hayatawatosha.

Chekeni, siwakatazi. Ila mkimaliza, kama mnamjua yeyote anayetafuta kazi na anaweza kuvumilia upepo, mleteni Singida. Mshahara sina uhakika nao, cheo hakuna, lakini mafunzo atapewa na wazee wenyewe.