Boti ya Bibi Chu na Friji Yangu

Jumatatu, 23 Septemba

Kimbunga kimepita. Paa letu limebaki. Boti ya kazi ya Bibi Chu haikubaki. Ilikata kamba wakati wa dhoruba, ikazama mahali fulani ndani ya ghuba pamoja na winchi yake. Bila winchi hiyo Bibi Chu hawezi kuinua kamba zake za chaza, na msimu unaanza wiki ijayo. Chaza wameshiba mwaka huu, ni wazito. Wakiachwa wataendelea kunenepa mpaka wazamishe maboya, kisha watalala matopeni na kufa wote. Bibi Chu ana miaka sabini na kitu. Hana kazi nyingine, wala hajawahi kuitaka.

Habari njema kwangu. Yaani, habari mbaya kwa Bibi Chu, namwonea huruma sana. Lakini katika bandari nzima ya Dolmeori, nani ana sona ya kutafutia vitu chini ya maji? Mimi, Gu Pil-jae. Na Tak Hyeon-gyu, lakini huyo simhesabu.

Chombo chenyewe kinafanana na kombora dogo. Sisi wa kazi hii tunakiita samaki. Unamburuta nyuma ya boti kwa kebo, naye anapiga sauti kushoto na kulia. Mwangwi ukirudi, skrini inachora picha ya sakafu ya bahari. Kitu chochote kilichosimama kinatupa kivuli, na kivuli hakidanganyi. Nilimnunua samaki wangu tulipofunga duka letu la supu. Mke wangu Mak-rye bado analiita duka lile marehemu.

Mwenyekiti Ok wa ushirika wa wavuvi ametangaza kwamba Jumatano mimi na Tak tutaonyesha uwezo wetu mbele yake. Atakayemridhisha ndiye atakayekagua ghuba kila baada ya kimbunga, na ataanza na boti ya Bibi Chu. Tak ametikisa kichwa tu kukubali. Ametoka jeshi la majini mtu huyu. Anafanya kazi baharini na viatu vyake havilowi. Simwamini.

Jumanne, 24 Septemba

Sikulala vizuri kwa kufikiri. Tak ana chombo kipya. Mimi nina akili.

Tatizo la maonyesho ya kesho ni hili: huenda kusiwe na kitu cha kuonyesha. Mwenyekiti ataangalia tope, kisha tope, kisha tope, halafu atadai chakula. Kwa hiyo nimeamua kuisaidia bahari kidogo.

Stoo yetu ina friji ya kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachusha, iliyokufa pamoja na duka. Nimeipakia botini leo alfajiri, ukungu ukiwa mzito. Friji tupu inaelea, hilo nalijua, nimewahi kuona moja ikipita wakati wa mafuriko. Nikaijaza mawe ambayo Mak-rye hugandamizia kimchi, nikafunga mlango kwa kamba. Aliniuliza naipeleka wapi. Nikamwambia kwa fundi. Akasema mafundi watatu walishaiona na wote walitoa pole. Nikamwambia ufundi umeendelea.

Imezama vizuri sana, bila kelele. Nimeshika alama kichwani: katikati kabisa ya boya jekundu na bomba la moshi la kiwanda cha barafu. Kesho nitasimama, nitanusa upepo kidogo, nitasema nahisi kuna kitu hapa. Nitapita juu yake na picha itatokea.

Je, huku ni kutupa taka baharini? Nimelitafakari. Sikuitupa. Nimeiweka. Kitu ulichokiweka hujakitupa.

Jumatano, 25 Septemba

Siku mbaya.

Asubuhi zamu ilikuwa yangu. Mwenyekiti alikaa mbele ya skrini, Bibi Chu akakaa nyuma yake na buti zake za mpira, Tak akasimama mlangoni. Nikanusa upepo. Nikasema nahisi kuna kitu. Nikaelekeza boti palepale, nikapita juu ya friji.

Tope.

Nikageuka, nikapita tena, kwa uangalifu zaidi. Tope. Mara ya tatu nilipita kwa usahihi ambao sijawahi kuufikia maishani. Tope kushoto, tope kulia, na katikati ule mstari mweusi ambao huwa upo siku zote.

Mwenyekiti akauliza, "Na hicho cheusi katikati ni nini?"

Nikamwambia ni mpaka wa picha, kama pindo la kitambaa.

Tak akakohoa. Akasema kwa ile sauti yake ya upole kwamba, kwa heshima zote, samaki anaona pembeni tu. Kilichopo chini ya tumbo lake hakioni, na mstari mweusi ndiyo sehemu hiyo. "Ukitaka kukiona kitu, kaka Gu, pita kando yake. Ukikipita juu, unakificha mwenyewe."

Nikamjibu kwamba nilikuwa nakisoma kioo hiki wakati yeye anapaka rangi manowari. Nikaongeza mwendo ili kumaliza mjadala. Samaki akayumba, akaingia kwenye kamba za chaza, akanasa. Zilikuwa kamba za Mwenyekiti. Tulimnasua, ila kipande cha kamba kiliponyoka na sikuona kilikokwenda.

Mchana ikawa zamu ya Tak. Jamaa anachosha. Alienda polepole kama mtu anayefyeka majani, mstari mmoja kwenda, mwingine kurudi, na kila mstari unaingia kidogo juu ya uliotangulia ili asiache hata upenyo. Mwenyekiti alisinzia. Mimi nilianza kufurahi.

Ndipo kikatokea kitu cha pembe nne na kivuli cha pembe nne. Wote wakainuka. Na mimi nikainuka, kwa sababu zangu.

Bibi Chu aliuliza kama ndiyo boti yake. Tak akasema ni ndogo mno, lakini kesho atashusha mzamiaji ahakikishe. Nikashauri tuiache, huenda ni jiwe. Tak akasema mawe hayana mlango.

Alhamisi, 26 Septemba

Mzamiaji aliipata mara moja. Waliiinua kwa kreni na kuiweka gatini saa za soko, samaki wanauzwa, watu tele.

Nilisahau kibandiko. Mlangoni kimeandikwa kwa herufi nyekundu "Supu ya Mak-rye", na chini yake namba ya simu. Askari wa pwani akaipiga. Namba bado inafanya kazi. Mak-rye akapokea, akadhani ni mteja wa zamani, akaanza kumweleza kwa huzuni kwamba duka lilifungwa.

Alifika na aproni. Niliandaa maelezo kuhusu fundi, barabara na boti kuyumba. Hakuniuliza. Alifungua mlango, akatoa jiwe moja, akalifuta tope kwa aproni.

"Baba Yeon-ji, haya mawe ni ya mama yangu."

Basi. Afadhali angeongeza neno.

Askari alinisomea sheria ya uchafuzi wa bahari. Nikamweleza tofauti ya kutupa na kuweka. Akaniomba nirudie, nikarudia, akaita mwenzake naye asikie. Mwishowe wamenipa onyo, na amri kwamba kesho nipite eneo lote kuhakikisha hakuna kitu kingine nilichokiweka. Mwenyekiti amempa Tak kazi.

Wote walicheka isipokuwa Bibi Chu. Alikuwa amekaa juu ya kreti, mikono mapajani. Alimuuliza Tak lini atatafuta upande wa kaskazini. Tak akasema upande ule umejaa kamba za mashamba na kimbunga kimezisuka, samaki wake atanasa. Kwanza kamba ziondolewe. Labda wiki mbili.

Bibi Chu akasema, "Baada ya wiki mbili boti nitaifanyia nini, mwanangu? Nifugie kuku?"

Tak aliangalia viatu vyake. Bibi Chu akaondoka kwa miguu, akakataa lifti ya kila mtu.

Chakula cha jioni kwangu: wali baridi na dagaa wakavu. Mak-rye alikula supu ya mwani ya moto mbele yangu. Sikujisikia vizuri, na si kwa sababu ya dagaa.

Ijumaa, 27 Septemba

Mak-rye amekuja nami baharini. Hajasema kwa nini. Nadhani anahesabu vyombo vyetu vya nyumbani kila ninapotoka. Alikaa mbele ya skrini, mgongo wake ukinitazama.

Boti ilikataa kwenda moja kwa moja. Kile kipande cha kamba cha Jumatano kilikuwa kimejizungusha kwenye propela, tukawa tunavutwa kushoto muda wote. Maji nayo yalikuwa yanakupwa, yakatusukuma kaskazini, mpaka ukingoni mwa kamba za Bibi Chu. Nilipigana na usukani na kuitukana injini. Samaki alikuwa bado majini. Nilijua nitampoteza, na baada yake hakuna kitu kingine cha kuuza.

Mak-rye akasema, "Hicho ni nini?"

Nikamwambia asiniulize maswali, kuna hatari.

Akasema, "Pil-jae, geuka uangalie."

Hajaniita kwa jina tangu Yeon-ji azaliwe. Niligeuka.

Pembeni kabisa mwa picha kulikuwa na boti imelala ubavu. Nilihesabu mbavu zake. Na kutoka kwenye sitaha kivuli kirefu kilichonyooka kama mkono: winchi. Ilikuwa nzima. Miaka yote hii nimekiburuta chombo hiki, na nilichowahi kupata ni matairi na baiskeli moja. Nilikuwa nimesahau kwamba kinaweza kuona.

Nilitaka picha nzuri zaidi. Nikarudi, nikapita juu yake kabisa. Haikuwepo. Mstari mweusi tu. Nikasema imesogea. Mak-rye akasema boti haijasogea, pita ulipopita mwanzo. Nikapita pale, ikaonekana tena vizuri. Mak-rye akafunga jiwe kwenye boya, akalitupa. Lilikuwa jiwe la kawaida, niliangalia.

Jumamosi, 28 Septemba

Wameiinua. Wazamiaji walikata kamba zilizoizunguka, tishari la kreni likaja asubuhi, maji yakamwagika kutoka kila tundu. Mwani umejaa mpaka kwenye usukani.

Bibi Chu hakungoja ioshwe. Alipanda na buti zake, akaenda moja kwa moja kwenye winchi, akaishika kwa mikono miwili na kuisukuma. Ikagoma. Akasukuma tena. Ikalia, ikazunguka. Alijifuta macho kwa glovu yenye tope, akabaki na uso mweusi kama mchimba makaa, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mekanika anasema injini ikisafishwa kwa maji yasiyo na chumvi leo hii, itawaka kabla ya msimu.

Akaniita. "Pil-jae, wewe ni mjinga tangu ukiwa shuleni. Lakini leo umenifaa."

Niliangalia bomba la kiwanda cha barafu kwa muda. Moshi ulinikera macho, ingawa Jumamosi hawawashi.

Tak alikuja kunipa mkono. Akasema nimepita pembeni vizuri sana, angejua angekuja kujifunza. Bado sijaamua kama ni tusi. Nilimweleza kwamba kwenda upande upande ni mbinu ya wenye uzoefu. Mwenyekiti amesema kazi inabaki kwa Tak, ila nikitaka kusaidia, Mak-rye ndiye awe kwenye skrini.

Leo nimepewa supu ya moto.

Jumapili, 29 Septemba

Habari zimeenea. Nahodha wa kivuko cha bandari jirani amepiga simu. Kimbunga kilimpotezea nanga, na bila nanga kivuko hakiruhusiwi kusafiri. Amesikia nina kipaji. Sikumkatisha.

Mwenyewe aliona ilipoangukia: katikati ya mnara mweupe na ile misonobari miwili ya kisiwani. Hata mtoto angefika pale.

Mak-rye anasema twende polepole, tupige mistari kama Tak, tupite kando. Nimemwambia kwa upendo kwamba mistari ni ya watu wasiojua kitu kiko wapi. Mimi najua. Kesho nitapita juu yake moja kwa moja.

Nimemwambia nahodha awalete abiria waangalie.