Makala Yenu ya Madikteta Haikumuuliza Mwenyekiti wa Mfereji

Kirua Vunjo,
Moshi Vijijini.
3 Machi, 1997

Ndugu Mhariri,

YAH: MAKALA YA MADIKTETA ILIYOCHAPISHWA BILA KUWAULIZA WENYE UZOEFU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba meza yako haiyumbi kama hii ninayoandikia. Mimi ni mkulima wa kahawa na migomba, na kwa miaka miwili na miezi mitatu nilikuwa Mwenyekiti wa mfereji wetu wa maji, mfongo kama tuuitavyo huku mlimani. Wiki iliyopita nilisoma katika gazeti lako makala ya bwana mmoja msomi, akieleza kwa nini tawala za chuki huinuka na mwishowe huanguka. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili sikucheka, ya tatu mke wangu Dominika akalichukua gazeti, akasoma kidogo, akasema, "Baba Lucky, mbona huyu mtu amekuandika wewe?"

Ndipo nikaona sina budi kulalamika, kama ifuatavyo:

1. Msomi anasema dikteta huingia kwa mabavu. Amepotoka. Mimi nilibembelezwa. Mwishoni mwa 1994 maji yalipungua, migomba ikakunja majani, tukaitana mkutanoni. Bibi Ndelilio, ambaye anaikaribia miaka tisini, akasema tupande tukaangalie banio, yaani pale juu msituni maji yanapoingilia mferejini. Kupanda huko ni mwendo wa saa tatu, tena kwenye utelezi. Watu wakatazama miguu yao. Mimi nikasimama nikasema, "Ndugu zangu, hakuna haja ya kupanda. Maji yetu yanaibwa na watu wa ng'ambo ya korongo." Mhariri, ungeona nyuso zilivyong'aa! Hakuna aliyetaka kupanda mlima, ila kila mtu alikuwa tayari kuwa ameibiwa. Nilichaguliwa kwa vigelegele, nikapewa kata ya kwanza ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Sikuwa na bunduki. Nilikuwa na koti langu la harusi, basi.

2. Anasema pia kwamba watawala kama sisi huwachukia watu. Huu ni uzushi. Mimi watu wa ng'ambo sikuwachukia hata siku moja. Dada yangu mkubwa, Hilda, ameolewa huko, na ndiye aliyenilea mgongoni mama yetu alipokuwa akichuma kahawa. Lakini kuchukia ilikuwa ndiyo kazi niliyopewa, na mimi kazi sifanyi nusunusu. Tuliziba njia ya maji ya ng'ambo kwa mawe na udongo. Hilda akavuka korongo akaja mkutanoni, akaniuliza mbele ya watu, "Remi, mimi nimekuibia nini?" Nikamjibu kwamba sheria haina dada. Watu walipiga makofi. Mimi nikaificha mikono mfukoni, na mifuko ya koti lile ni mikubwa.

3. Makala haisemi lolote juu ya taabu ya kutafuta maadui. Hili limeniuma sana, kwa maana ndiyo kazi yenyewe. Tulipowafungia ng'ambo, maji yaliongezeka kwa siku nne, kisha yakarudi kuwa yaleyale. Mwenyekiti afanye nini? Nikatangaza kwamba wanaotuangamiza ni wenye ng'ombe wa maziwa. Halafu wenye bustani za nyanya. Halafu wanaofua mablanketi. Halafu wale waliokohoa nilipokuwa nikihutubia, kwani kilikuwa kikohozi chenye maana. Kufikia Krismasi iliyopita orodha ya maadui ilikuwa ndefu kuliko ya wanachama, na katibu wangu Basili alikuwamo katika zote mbili. Alijiandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, asije akaambiwa anaficha mtu.

4. Msomi anadai tunaangushwa na wananchi wenye hasira. Laiti ingekuwa hivyo! Mimi niliangushwa na ndoo. Januari hii ng'ombe wa Hilda, aliyekuwa na mimba, alilala chini kwa kiu asiweze kuinuka. Tulikuwa mkutanoni, saa nane mchana, nikieleza hila za maadui, mara Dominika akapita mbele yetu na ndoo ya maji kichwani, akishika njia ya korongoni.

Nikamwita, "Mama Lucky, unakwenda wapi?"

"Kwa wifi yangu," akasema, wala hakugeuka. "Niandikeni."

Basili akafungua daftari. Kabla hajamaliza kuandika, mwanamke wa pili akainuka, akaenda kwake akarudi na ndoo. "Na mimi niandike." Akaja wa tatu. Akaja wa saba. Basili aliandika mpaka wino ukakatika. Akaitikisa kalamu, akanitazama, kisha akalifunga daftari na kuuliza nani ana ndoo ya ziada.

Hawakunipiga, Mhariri. Hawakunitukana hata kwa Kichagga. Niliachwa nimesimama na mabenchi. Kupinduliwa ni jambo la heshima, hata redio hulitangaza. Lakini kuachwa na mabenchi ni kudharauliwa, na katika makala nzima sikuona mahali lilipotajwa.

5. Kesho yake walipanda msituni bila mimi, wa kwetu pamoja na wa ng'ambo, Bibi Ndelilio akiwa amebebwa kwenye kiti. Wakakuta mti mkubwa umeangukia banio, umejikusanyia matope na mawe, na mizizi yake imeoza kwa miaka. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa siku mbili ukatosha kuuondoa. Maji yakaja yakipiga kelele mpaka ng'ambo, na Bibi Ndelilio akawekwa Mwenyekiti akiwa bado kitini. Sasa nauliza: kama kosa lilikuwa la mti, mbona nimeachishwa mimi?

6. Nilimpelekea Hilda jani la isale, ambalo kwetu ukiletewa huwezi kukataa kusamehe. Alilipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Nimekusamehe, Remi. Ng'ombe alisimama. Ndama alitoka amekufa." Akaniletea chai. Hili silo lalamiko, sijui kwa nini nimelipa namba. Liache lilivyo.

Kutokana na hayo naomba mambo mawili. Kwanza, msomi wako aje huku nimfundishe, maana ameandika kama mtu aliyetazama mbege bila kuinywa. Pili, gazeti lako liwashauri wanachama wanirudishie uenyekiti. Nchi sasa ina vyama vingi na soko huria, kila kitu kinapewa nafasi ya pili, hata mitumba. Mtu aliyekwisha kuanguka ndiye ajuaye shimo lilipo. Naahidi safari hii kutawala kwa chuki ndogo tu, ya kiasi, ya kutumia miezi ya kiangazi.

Wasalimie wapiga chapa wako, mfagizi wa ofisi, na wale wanaouza magazeti pale stendi ya Moshi, ambao hunikatalia kusoma bure. Msalimie na msomi. Mwambie sina kinyongo, namhurumia. Dominika anakusalimu, ingawa hajui ninakuandikia nini.

Niliyekuwa, na ninayetarajia kuwa tena, Mwenyekiti wako mtiifu,

Remigius Sirili

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha wamefika wazee watatu. Tangu Januari hawajaniita Mwenyekiti, na leo wameniita hivyo mara mbili hata kabla ya kukaa. Wanasema maji yamepungua tena, na wanaoyaiba ni watu wa kijiji cha juu. Wanatafuta mtu mwenye sauti. Sikufichi, nilisikia utamu kifuani, nikafungua kinywa nikubali. Kilichotoka ni hiki: "Wazee wangu, msinichague mimi. Kazi hiyo naiweza mno." Wameondoka wamenuna, wanakwenda kumtafuta mwingine. Kwa hiyo lifute lile ombi langu la pili, na barua hii ichapishe upesi iwezekanavyo, kabla hawajampata.