Mayai Matatu Kwenye Sanduku la Chizuru

Jumamosi, 6 Aprili

...na ndiyo maana nasema hakuna mke kama Chizuru wangu. Siku ishirini na sita za ndoa! Sanduku la bundi alilipigilia misumari mtini mwenyewe, akamwaga maranda ya mbao ndani, maana bundi hajengi kiota. Na jike ameingia! Baba mkwe, Mzee Kasai, hakutabasamu. Alisema panya wameshatafuna magome ya mitufaha hamsini ya shamba lake chini ya theluji. Mwaka huu bundi wasipolea vifaranga hapa, ataweka sumu kama zamani. Chizuru akamkumbusha kwamba sumu hiyo bundi nao huila, ndani ya panya. Sauti yake! Hata akisema sumu, tamu.

Jumatatu, 8 Aprili

Jioni dume alileta panya, akampa jike mdomo kwa mdomo. Nililengwa na machozi. Nikamlisha Chizuru kipande cha tofaa vivyo hivyo. Akaniambia nimalize kwanza kupogoa matawi, mapenzi hayana haraka. Mti wa bundi tu haupogolewi, wala hauegemezwi ngazi hadi maua ya mitufaha yapukutike. Hapa kila mtu anajua hilo.

Jirani Genzo alinicheka uani. Eti bwana harusi, bundi wako ana mayai mangapi, au umeoa usingizi? Bundi wake yeye ana manne!

Alhamisi, 11 Aprili

Nimeupanda mti wa bundi. Kwa mapenzi tu! Nilitaka kumpa Chizuru idadi pamoja na chai ya asubuhi. Matatu, meupe, ya mviringo kabisa. Jike alinijia bila sauti hata ya unyoya. Ngozi ya paji la uso imekwenda na makucha yake. Ngazi chini, mimi juu yake. Chizuru alinifunga kitambaa. Vidole laini vile!

Jumapili, 14 Aprili

Jike hajarudi tangu siku ile. Leo Chizuru alipanda mwenyewe, akashuka na mayai yaliyopoa ndani ya kitambaa chake cha kichwa. Hakulia. "Mayai umeshahesabu, mume wangu," alisema. "Sasa kahesabu miti." Mzee Kasai ameleta gunia la sumu, akaliweka ghalani, akafunga mlango polepole.

Nimehesabu miti iliyotafunwa mpaka giza.

Mama amepiga simu kutoka kwetu. Bundi analia kwenye mti nyuma ya nyumba yake, huenda ametaga. Nimemwambia asimruhusu mtu kusogea. Nimeshaazima kofia ya pikipiki. Kabla mwezi haujaisha nitafika kumtazama bundi huyo mimi mwenyewe, kwa karibu.