Bibi Haamki

Jamani, leo sina uso wa kupita sokoni Newala.

Kosa nililifanya zamani, wiki ya kwanza tu nilipoanza kazi kwenye steshenari hii: kompyuta ya pale niliipa jina la Bibi. Ni ya mezani, kuukuu, sanduku lake limepauka, inachelewa kuwaka na ikiwaka inakohoa. Nikaiita Bibi kwa mapenzi. Baada ya hapo nikaacha kusema "imewaka", nikawa nasema "ameamka". Yaani nimeipa ngeli ya watu. Balaa lote la leo limetokea hapo.

Mjue pia kwamba ninaye bibi wa kweli. Bibi Somoe ndiye aliyenilea, na nyumbani tupo wawili tu, mimi na yeye. Wiki hii presha ilimpanda. Daktari akampa dawa, kisha akanivuta pembeni akaniambia, "Asishtuliwe." Neno hilo limeninyima usingizi. Mimi ndivyo nilivyo, nikiagizwa jambo mara moja nalifanya mara tano. Nimekuwa nikimpigia simu kutoka kazini kila baada ya muda mfupi kumuuliza kama kuna kitu kimemshtua. (Ndiyo, najua. Kilichokuwa kinamshtua ni simu.)

Leo asubuhi nimetoka mbio bila chai. Nikafungua duka, nikabonyeza kitufe. Feni ikazunguka, taa ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Nikabonyeza tena. Mlio mmoja mrefu, halafu kimya.

Ufundi huu nimejifunza mwenyewe, kwa video za kwenye simu na kwa kuharibu vitu vya watu. (Vichache! Na vingi nilivirudisha vikiwa vizima.) Nikikwama nampigia Hamisi, rafiki yangu, fundi wa kompyuta kule Masasi. Mikono yangu yote miwili ilikuwa ndani ya sanduku, kwa hiyo nikaweka simu mezani na sauti nikaifungulia nje. Nje ya dirisha, barazani, Mama Asha alikuwa anakaanga maandazi yake kama kila siku.

"Hamisi, Bibi haamki."

"Tangu lini?"

"Asubuhi hii. Jana jioni nimemwacha mzima kabisa."

"Anapumua?" (Anauliza feni.)

"Anapumua, lakini kwa shida. Analia mara moja, ananyamaza."

"Macho je?"

"Giza tupu."

"Mlaze ubavu, mfungue kifua. Itakuwa kumbukumbu hizo." (Vijiti vya RAM.)

Nikachomoa waya, nikabonyeza kitufe kumaliza umeme uliobaki ndani, nikapuliza vumbi mpaka nywele zikawa za kijivu, nikarudisha waya. Safari hii hata feni haikugeuka.

"Hamisi! Hapumui tena!"

Hamisi ana utani usio na breki. Akashusha pumzi, akasema kwa sauti ya shehe, "Basi, ndugu yangu. Bibi katutoka." Akakata simu ahudumie mteja.

Nikasikia dirishani mtu anavuta kamasi. Mama Asha, macho mekundu. (Nilidhani ni moshi.)

"Shaibu mwanangu, ndiyo hivyo tena?"

"Shikamoo, Mama Asha. Ndiyo hivyo."

"Na wewe upo hapa unafungua masanduku?"

"Nitafanyaje, mama? Nikikaa nalia ndiyo atarudi?"

"Maskini. Alikuwa mtu wa watu."

Nikaguswa. Ni kweli, nusu ya mtaa wamechapishiwa barua na kompyuta hii. "Alikuwa amechoka, Mama Asha. Tumemfanyisha kazi mchana kutwa, hata kumpumzisha hatukumpumzisha."

Hapo akashindwa. Akajifunika uso kwa kanga, akaondoka. Nikamwona anamwagia maji kuni zake, anawaita wenzake wa kwenye nyanya na dagaa, wanasemezana, wanajitanda kanga, wanaondoka. Nikajisemea kwamba watu wa Newala wana huruma, mpaka kwa kompyuta.

Nikarudi kazini. Nikachomoa vile vijiti viwili vya kumbukumbu. Meno yake ya shaba yalikuwa yamefanya weusi. Nikachukua raba ya penseli, nikasugua. Nikakagua. Nikasugua tena, maana upande mmoja haukung'aa kama mwingine. Nikavirudisha, nikavibana mpaka vikalia "ta!", nikabonyeza kitufe huku nimefumba macho.

Mlio mfupi. Mwanga. Kioo kikajaa rangi!

"Kaamka!" nikapiga kelele. "Bibi kaamka!"

Mlangoni alikuwa amesimama Saidi, kinyozi wa duka la pili, kofia ameivua ameishika kifuani. Nyuma yake mteja wake, kichwa kimenyolewa nusu. Wote wawili wakarudi nyuma hatua kubwa.

"Kaamka vipi?" Saidi akauliza.

"Nimemtoa kumbukumbu, nikazisugua na raba, nikamrudishia."

Saidi akasogea tena karibu. "Shaibu, tulikuja kukupa pole ya Bibi Somoe."

"Bibi Somoe ana nini? Si yuko nyumbani?"

"Ndiko alikokwenda Mama Asha. Na akina mama wa soko zima, wanakwenda msibani."

Asishtuliwe! Na mimi nimempelekea waombolezaji wake mwenyewe! Nikapiga simu yake. Haipatikani. Nikamwambia Saidi aniangalizie duka, nikatoka mbio, bisibisi mkononi, vumbi kichwani, kiatu kimoja kimefunguka kamba.

Kilio nilikisikia kabla sijafika kona ya nyumbani. Nikasema, tayari. Wamemshtua, na sasa ni kweli.

Halafu katikati ya vilio nikaitambua sauti moja. Ya Bibi! Yu hai, na ndiye anayelia kuliko wote.

Baadaye nilielezwa. Mama Asha alitangulia kuingia uani, akamkuta marehemu amekaa mkekani anabangua korosho. Kwa furaha akamkumbatia marehemu, akaangua kilio. Wenzake nyuma wakadakia bila kuangalia nani amekumbatiwa. Bibi akauliza nani kafa, wakazidi kulia. Akaona wamemjia yeye, wanamlilia yeye, na nyumba yake ina watu wawili tu. Mmoja ni yeye, na hajafa.

"Mjukuu wangu mimi! Kaondoka hata chai hakunywa! Mtoto wa kukunja shati akalikunjua akalikunja tena! Mtoto wa kufagia pale pale nilipofagia! Jana nimemgombeza kwa simu zake, leo nimeizima kabisa. Sasa nani atanipigia?"

Nikapenya katikati ya kanga mpaka mbele yake. Nilitaka kusema nipo, sijafa, nisamehe. Likatoka lile tulilofundishwa tangu utotoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," akajibu, akaendelea kulia.

Kisha kilio kikakatika. Uwanja mzima. Bibi akainua uso taratibu. Akanishika shavu, akanishika sikio, akanipangusa vumbi kichwani kuona kama nywele ni zangu.

"Shaibu? Wewe hukufa?"

"Hapana, Bibi."

"Sasa kafa nani?"

"Kompyuta, Bibi. Lakini imeshaamka."

Hapo nilitakiwa nicheke na wenzangu. Badala yake nikaangua kilio. Siyo machozi ya kiume ya kufuta na kidole, hapana. Kwikwi, kamasi, kichwa mapajani mwa Bibi, mbele ya kila mama ambaye kesho nitanunua kwake nyanya. Nikasema nilidhani nimekuua. Nikasema sina mwingine. Nikasema mambo mengine ambayo Mama Asha anayakumbuka yote, na ameshaanza kuyasimulia.

Bibi akawa ananipigapiga mgongoni kwa mikono inayonuka korosho. Akawageukia wageni. "Mnamwona huyu? Ndiye aliyeagizwa mimi nisishtuliwe!"

Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia msibani. Mama mmoja alilala kabisa chini. Alikuwa amekuja na unga wa rambirambi, akataka kuondoka nao. Bibi akauzuia.

"Unga umeshaingia ndani. Siku nikifa kweli, wewe hudaiwi."

Nilimlazimisha twende zahanati apimwe. Presha yake imekaa vizuri kuliko siku zote za wiki hii. Muuguzi akanitazama mimi, akasema, "Hebu na wewe lete mkono." Yangu ndiyo imepanda. (Msicheke. Nimeambiwa nisishtuliwe.)

Tulirudi polepole, amenishika mkono. Njiani akaniuliza hiyo kompyuta ina miaka mingapi. Nikamwambia labda kumi na tatu.

"Miaka kumi na tatu ndiyo bibi? Mimi basi mngeniitaje?"

Tukaenda kidogo. Halafu akasema, bila kunitazama, "Ukitaka kujua kama nipo, njoo unione. Kwenye simu huoni kitu."

Mwenye duka nimeshamwambia, naye amekubali. Kuanzia kesho, saa saba mchana steshenari inafungwa kwa muda, nami niko nyumbani, nakula na Bibi.