Laini ya Dhahabu

Jumatatu, 4 Machi

Nimepeleka sampuli ya sare shuleni. Shati, suruali, sketi. Watoto mia tatu na ishirini! Kazi hii nikiipata, mke wangu atanunua cherehani yake mwenyewe. Kwa sasa tunayo moja na tunapokezana. Mimi nikienda kula, yeye anakaa kushona. Ndiyo maana siku hizi ananipakulia chakula kingi.

Kikwazo ni kimoja tu. Fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye mtaa mzima unamwita Pima Tena kwa sababu kila mteja humpima mara mbili. Mimi hupima mara moja. Sampuli yake nayo nimeikuta mezani kwa mwalimu mkuu. Mwalimu alipotoka kidogo, nikaiweka chini ya yangu. Aliporudi akaitoa, akaiweka juu.

Mama yule ni mkavu, salamu yake haizidi neno moja. Aliniuliza kwa nini mkono mmoja wa shati ni mrefu kuliko mwingine. Nikamweleza kwamba watoto hukua. Amesema atapiga simu Ijumaa kabla ya saa kumi jioni na kutoa jibu.

Jumanne, 5 Machi

Siku njema kupita kiasi. Nimepigiwa na kampuni ya simu yenyewe. Afisa, sauti nzito, adabu tele. Aliniita mheshimiwa mara nne, nilihesabu. Akasema nimeteuliwa kati ya wateja wachache wa kupewa laini ya dhahabu. Kila atakayenipigia, kabla simu haijaita, atasikia sauti ya kike ikimwambia kwamba amempigia fundi bingwa wa nguo.

Moja kwa moja nikamfikiria mwalimu mkuu, Ijumaa, simu sikioni, anatangaziwa ubingwa wangu. Kichwa kikavimba. Nikamwambia afisa tuendelee.

Aliomba namba yangu ya siri ahakikishe kwamba ni mimi kweli. Nilipendezwa kuona wanavyojali usalama. Halafu ukaingia ujumbe wenye tarakimu sita, akataka nimsomee. Ujumbe ulisema nisimpe mtu yeyote. Nikamuuliza, maana mimi si mjinga. Akacheka kwa upole, akasema hao ni watu baki, yeye ni afisa. Hilo likaniingia akilini.

Nikasoma kama tunavyosoma vipimo hapa kazini, kwa sauti na kwa kurudia. Tisini na nne, arobaini na moja, sitini. Tisini na nne, arobaini na moja, sitini. Afisa akanisifu kwa matamshi safi. Mke wangu, kwa mazoea, akaziandika kwenye daftari la vipimo, kisha akaniuliza huyu mteja mwenye kiuno cha arobaini na moja ni nani.

Nimeagizwa nizime simu mpaka kesho adhuhuri ili mitambo ifanye kazi yake. Nimeizima. Nimeifunika pia na kitambaa.

Jumatano, 6 Machi

Asubuhi wateja watatu wamekuja kulalamika kwamba hawanipati. Nikawaambia wavute subira, wakinipata watashangaa.

Adhuhuri nikawasha. Mtandao hakuna. Nikaona ni kawaida, dhahabu haiwekwi kwa haraka.

Saa nane mke wangu, akiwa amekaa pembeni yangu anatia vifungo, alipata ujumbe kutoka kwenye namba yangu. Ulisema nimepata ajali, nimelazwa, atume pesa za matibabu upesi. Akausoma kwa sauti. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. Akauliza nimelazwa wodi gani.

Nilitoka jasho, lakini nikamwambia huenda ni hitilafu ya mitambo. Alichukua daftari la vipimo, akakata ile mistari ya jana kwa kalamu nyekundu.

Saa kumi Pima Tena akaingia anahema, na machungwa kwenye mfuko. Naye alipata ujumbe. Alikuwa ametuma pesa, amefunga duka, amezunguka wodi zote za wanaume, akifunua mashuka ya watu. Amenikuta napiga pasi kola. Alinishika mikono yote miwili, akaishika tena. Kisha akakaa kwenye benchi ya wateja akacheka mpaka akafuta machozi. Mke wangu naye akacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Machungwa nilikula.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda ofisini kwa kampuni ya simu. Foleni mpaka nje. Binti wa kaunta akaniambia nimeingizwa mjini. Hakuna laini ya dhahabu, haijawahi kuwepo, na kampuni haimuulizi mtu namba ya siri hata siku moja. Alilirudia hilo mara tatu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Hakuniita mheshimiwa hata mara moja. Nilimuuliza kama basi wanayo walau ya fedha. Akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Laini nimerudishiwa, namba ni ileile. Pesa za nyuzi na vifungo zimekwenda. Majina yote niliyohifadhi yamefutika, sasa kila anayepiga ni tarakimu tupu. Mke wangu anasema tushukuru, kwani akiba yake ya cherehani haikuwa kwenye simu. Nilimuuliza iko wapi. Akasema iko salama, na iko salama kwa sababu sijui iko wapi. Iliniuma, sikatai.

Jioni Pima Tena amekuja tena. Anasema mwalimu mkuu naye alipata ujumbe wa ajali, akataka kuniondoa kwenye hesabu. Basi yeye Pima Tena alikwenda shuleni kwa miguu kumweleza kwamba mimi ni mzima na ule ulikuwa utapeli. Mwalimu amesema nisiwe na wasiwasi, atapiga kesho kama alivyoahidi, simu iwe karibu. Mke wangu alimshukuru sana. Mimi nilimtazama kwa jicho la pembeni. Mpinzani hatembei bure kilomita mbili juani. Lazima alikwenda kuisogeza sampuli yake.

Hata hivyo, nimeamua. Kuanzia leo, sauti nisiyoijua ni mwizi mpaka athibitishe. Hakuna atakayenichezea tena.

Ijumaa, 8 Machi

Ushindi! Lazima niandike upesi kabla mke wangu hajarudi. Ameondoka na akiba yake kwenda kuangalia cherehani ya mtumba, amwombe muuzaji amwekee mpaka jibu litoke.

Saa tisa unusu simu imeita. Namba siijui. Sauti ya mwanamke, kavu, bila salamu ya maana. Eti ndiye mwalimu mkuu. Eti kazi ni yangu, ila nirekebishe ule mkono wa shati na nije Jumatatu kupima watoto. Alijua idadi ya watoto. Alijua mpaka bei niliyotaja. Matapeli hawa wameninyonya habari zangu zote.

Nikajifanya hamnazo. Nikamwacha aongee. Akasema niwe na kitambulisho cha kujaza fomu, nimtajie sasa hivi namba yake na jina langu kamili. Hapo ndipo nilipomnasa. Nikamwambia nimemtambua, mwizi mkubwa yeye, na sauti yenyewe ya kuigiza haifanani hata kidogo na ya mwalimu, inafanana na mlango usiotiwa mafuta. Akauliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa kuliko jana, nikakata. Akapiga tena. Nikakata tena.

Sasa ni saa kumi na dakika ishirini. Mwalimu mkuu wa kweli hajapiga. Watu wa siku hizi ahadi kwao si kitu.

Hapa dirishani namwona Pima Tena mlangoni kwake, simu sikioni. Amesimama wima kama anaongea na mkubwa. Anaitikia kwa kichwa, anaandika, anatoa kitambulisho mfukoni na kusoma namba. Maskini, yule mwanamke amehamia kwake! Nimefikiria kuvuka barabara nimwonye, kwa sababu ya wodi na machungwa. Kisha nikakaa. Acha apate funzo, kama nilivyolipata mimi.