Marhamu Yangu na Mgongo wa Ragna

Jumapili, 3 Machi

Kwako dada Dagny, huko Bornholm. Salamu nyingi kutoka Lemvig. Aksel mume wangu anakusalimu, maumivu ya kiuno yamempungua kidogo, na nyuki wake wamevuka baridi isipokuwa mzinga mmoja. Mama mkwe anakusalimu kutoka chumba cha juu, juzi alishinda bata kwenye bingo na tangu siku hiyo hajanyamaza. Mwanangu Ragna anakusalimu huku anajikuna. Mbwa naye hajambo. Mimi ni mzima, ila roho juu. Wiki hii nitaandika kila siku yale nisiyoweza kumwambia mtu hapa, halafu nikutumie yote kwa mpigo. Ukishasoma, choma.

Jambo lenyewe ni mikono ya Ragna. Miezi minane sasa anajifunza kutengeneza nywele kwenye saluni ya Vibeke. Mikono imekuwa myekundu, imepasuka, inawasha. Sasa na kope zimevimba. Vibeke anasema ni aleji ya rangi ya nywele. Kesho hospitali wanampima. Ikiwa ni rangi kweli, basi saluni ndiyo kwaheri.

Inger-Lise wa nyumba ya pili aliingia jikoni bila kubisha, keki ya mdalasini mkononi. Akasema maskini Ragna, lakini si kila mtu kaumbiwa saluni. Akasema mjukuu wake Liva ana ngozi kama ya ng'ombe, haiwashwi na kitu. Nikamwambia ndiyo, hata mimi nimeiona. Akaondoka. Keki ilibaki. Tamu, kwa bahati mbaya.

Liva anakitaka kiti cha mwanangu. Hatakipata nikiwa hai.

Kila jioni nampaka Ragna marhamu yangu. Unaijua: nta, lavenda, na ile gundi ya kahawia ambayo nyuki huzibia nyufa za mzinga. Tangu vuli sijakosa hata siku moja. Bila marhamu hii sijui huyu mtoto angekuwaje!

Jumatatu, 4 Machi

Hospitali. Muuguzi anaitwa Søren, kijana mrefu, sauti ya kubembeleza. Alimbandika Ragna plasta mgongo mzima, chini ya kila moja kidoa cha kitu kimoja: rangi, manukato, madini, sijui nini. Kila kidoa na namba yake, kaiandika kwenye ngozi kwa kalamu ya zambarau.

Tuliambiwa tulete kila kinachogusa mikono yake. Nikatoa kopo langu, Søren aone jinsi mtoto anavyotunzwa. Akalinusa, akasema hm, akachota kidogo, akakibandika nacho mgongoni. Nilifurahi. Bora waonje kitu kizuri katikati ya sumu zao.

Nikauliza kwa nini tusipate jibu leo leo. Søren akaeleza. Maji na sabuni, akasema, huchubua ngozi ya mtu yeyote, na hapohapo. Aleji ni jambo lingine. Kinga ya mwili hukutana na kitu, inanyamaza, inakariri sura yake. Siku wakikutana tena, inaanza kuita wenzake kutoka huku na huku. Kufika kwao kunachukua siku mbili, tatu. Ndipo ngozi inavimba.

Nilielewa mara moja. Ni Inger-Lise huyo huyo! Unamkosea leo, anatabasamu. Siku ya tatu yuko mlangoni na nusu ya mtaa.

Jumanne, 5 Machi

Søren alionya Ragna asioge mgongo wala asitoke jasho, plasta zitabanduka. Hapo akili yangu ikaamka. Plasta zikibanduka, hakuna jibu. Hakuna jibu, hakuna kufukuzwa!

Nikawasha jiko la kuni, nikafungulia joto nyumba nzima hadi mwisho. Nikapika supu ya njegere na nyama ya nguruwe, haradali nyingi. Aksel alibaki na fulana, akauliza kama nataka kumtotolesha mayai. Mama mkwe aliita kutoka juu kuuliza kama ameshakufa, na kama mchungaji alimdanganya kuhusu upande atakaokwenda.

Ragna alichukua bakuli lake, akavaa koti, akaenda kula nje karibu na mizinga. Baridi kali. Plasta zote ziko imara.

Iliyobanduka ni moja tu, ya kidole changu, ndani ya supu. Aksel ndiye aliyeipata.

Jumatano, 6 Machi

Plasta zimetolewa. Mgongo mweupe kama unga! Zimebaki namba za zambarau tu. Søren akapiga picha, akasema tusishangilie, kusoma hasa ni Ijumaa. Mimi nasema Ijumaa ni ya watu wenye mashaka.

Nilimrudishia Inger-Lise sahani yake. Nikamwambia amtafutie Liva kazi kiwanda cha samaki, ngozi ile itawafaa. Akatabasamu. Akasema atanikumbuka.

Jioni nikampaka Ragna marhamu mara mbili, ya pili ya furaha.

Alhamisi, 7 Machi

Ole wangu. Ragna kaamka mgongo unawasha. Nikatazama: duara moja, jekundu, limevimba kama limechomwa kwa kijiko cha moto. Namba kumi. Kumi ni nini? Sijui. Bila shaka rangi, kama si rangi ingekuwa nini?

Nikasema si kitu. Akaniambia anaisikia sauti yangu. Akalia kwenye mto. Akasema hajawahi kuwa hodari wa kitu kingine zaidi ya nywele. Nikamfariji kwamba mimi pia sikuwa hodari, niliacha shule nikiwa na miaka kumi na minne. Akasema, "Ndiyo maana naogopa, Mama."

Basi moyo ukanituma. Nikachukua kalamu ya bingo ya mama mkwe, zambarau ileile. Nikamwambia Ragna alale kifudifudi, namsafisha kwa pamba. Nikafuta namba zote kwa spiriti, nikaziandika upya, kila moja nimeisogeza hatua moja. Sasa jekundu liko kwenye tisa. Tisa itakuwa madini fulani ya watu wengine.

Ragna akauliza mbona pamba inaandika. Nikasema ni pamba ya kisasa.

Ijumaa, 8 Machi

Søren akatazama mgongo. Akatazama karatasi. Akashusha pumzi. Akasema pole Ragna, tisa ni rangi ya nywele.

Dagny, mimi ndiye niliyelipeleka hapo. Ragna hakulia hata kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akauliza tu kama Vibeke ataambiwa leo.

Nikasema labda karatasi imekosea. Søren akasema karatasi haikosei. Nikasema labda namba zimetembea. Akaniangalia. Akauinamia mgongo, akauliza nani ameandika hii nne inayofanana na kiti. Akafungua picha ya Jumatano. Ragna akageuza shingo pole pole, akasema, "Mama. Pamba ya kisasa?"

Nikasema yote. Søren akarudisha namba mahali pake kwa mujibu wa picha. Jekundu likarudi kwenye kumi. Tisa safi, rangi haina kosa, Ragna abaki saluni!

Na kumi? Kumi ni kopo langu.

Søren alijitahidi kuwa mpole. Akasema sabuni ya saluni ilichubua mikono, kama inavyowachubua wanafunzi wote. Kwenye ngozi iliyochubuka ndipo ikaingia gundi ya nyuki, kila jioni, mpaka mwili ukaikariri na kuikataa. Hata kope ni vidole vyake kupeleka marhamu machoni. Akasema avae glavu kazini, na asipakwe tena chochote kinachotengenezwa nyumbani. Neno "nyumbani" alilisema mara mbili, akiniangalia mimi.

Kwenye gari Ragna alicheka hadi akashindwa kufunga mkanda. Halafu akanishika mkono, akasema ningekuwa na akili kidogo zaidi ningemharibia maisha kabisa. Nadhani ni pongezi.

Jumapili, 10 Machi

Aksel anasema nyuki hawana kosa, alaumiwe mpishi. Inger-Lise kasikia yote kwa mama mkwe. Leo, siku ya tatu tangu alipotabasamu... hapana, ya nne. Kaja na kina mama wanne wa kwaya, kila mmoja na krimu ya duka la dawa, eti msaada kwa familia.

Mikono ya Ragna inapona. Kwa glavu tu na krimu isiyo na harufu. Bila mimi. Hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia.

Lakini nimelifikiria sana lile neno la Søren. Nyumbani, alisema. Marhamu ya nyumbani. Sasa wewe, Dagny, hukai nyumbani kwangu. Unakaa Bornholm, na kati yetu kuna bahari. Ile marhamu ya marehemu mama, ya utomvu wa msonobari na mafuta ya kondoo, bado unakumbuka vipimo? Nipikie kopo moja, kubwa, nitaihamishia kwenye chupa ya duka la dawa. Tafadhali nijibu haraka, dada yangu, kabla mikono haijapona kabisa.